Uzi Umekataa Kusema: Kutafuta Kosa Unapochunguza Rangi za Vitambaa vya Kale

Ukianza uzamifu wa kemia ya rangi za vitambaa hapa Nairobi, mwaka wa kwanza utauishia kwenye kusoma na kufuata vibali. Wa pili utauishia kwenye kulaumu mashine. Nimepita huko. Kila nilipoona kilele nisichokijua kwenye kromatogramu (mchoro wa mashine ambao kila kitu kilichomo kwenye sampuli huonekana kama kilele), mbio kwa fundi wa maabara: "Mzee, mashine imeanza tena." Naye, macho yakiwa bado kwenye gazeti, alikuwa na swali moja tu: "Sampuli tupu imesemaje?" Mara nyingi sikuwa nimeipitisha.

Kwa hiyo kabla hujafika kwenye dalili yoyote hapa chini, hakikisha foleni ya siku hiyo ina vitu vitatu. Cha kwanza ni sampuli tupu, yaani kiyeyushi kitupu kilichopitia kila hatua ambayo uzi umepitia: kichupa cha aina ile ile, moto ule ule, asidi ile ile. Cha pili ni uzi mweupe wa kitambaa hicho hicho, kama upo. Cha tatu ni uzi ulioutia rangi kwa mkono wako mwenyewe, ambao unajua ndani yake mna nini. Bila hivyo vitatu unapiga ramli.

Nazungumzia zaidi HPLC (mashine inayotenganisha vilivyomo kwenye kimiminika) yenye kigunduzi cha diodi kinachosoma mwanga unaofyonzwa, na spektromita ya masi, inayopima uzito wa molekuli, nyuma yake ukibahatika, kwa kuwa ndiyo jembe letu la kila siku. Unachukua uzi wa nusu sentimita, unauvua rangi kwa kiyeyushi cha moto, na kile kinachotoka (sisi tunakiita mchuzi) kinapitishwa kwenye kolamu ya C18, bomba linalotenganisha rangi. Mengi nitakayotaja yalinipata.

Kromatogramu ni tambarare, na uzi bado una rangi

Tazama kichupa kabla ya skrini. Ikiwa uzi wa buluu umebaki wa buluu na mchuzi ni mweupe kama maji, hiyo ni nili karibu kila mara. Indigotini, rangi yenyewe ya nili, haiyeyuki katika maji wala katika methanoli, na asidi haiishughulishi. Inataka kiyeyushi kikali, DMSO au DMF ya moto, digrii 80 hivi, kwa dakika chache. Mchuzi ukigeuka buluu umeipata: kilele chake hufyonza mwanga kati ya nanomita 600 na 620, na mara nyingi nyuma yake hufuata indirubini, nyekundu, karibu na 540.

Hapo kuna mtego wa Nairobi. Julai moja nilifungua kabati asubuhi nikakuta chupa ya DMSO imeganda kama mafuta ya nazi. Nikadhani imeharibika, nikaanza kuandika barua ya kuagiza nyingine. Kumbe DMSO huganda chini ya digrii 18.5, na asubuhi za Julai hapa hushuka hadi 12 hivi. Iweke kwenye maji ya uvuguvugu, itarudi ilivyokuwa. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba trei ya sampuli ya HPLC nyingi huwa imewekwa kwenye digrii 4 au 10, kwa hiyo mchuzi wako wa DMSO unaganda ndani ya kichupa, sindano inazama kwenye barafu, inanyonya hewa, nawe unaandika kwenye daftari kwamba kitambaa hakina nili. Zima ubaridi wa trei siku ya nili. Usijaribu kuutatua mgando kwa kuongeza maji, maana maji yataiangusha nili chini ya kichupa.

Buluu ikikataa hata DMSO, fikiria buluu ya Prussia, ambayo ni chuma na sianidi, si rangi ya mmea. Nyuzi chache chini ya hadubini na tone dogo la alkali zitatosha: ikigeuka kahawia, umeijua.

Nyeusi ni kesi nyingine. Tangu miaka ya 1860 viwanda vya kuchapa pamba vimekuwa na nyeusi ya anilini, ambayo huundwa ndani ya uzi wenyewe na haitoki kwa kiyeyushi chochote cha kawaida. Wanafunzi wengi humaliza sampuli hapo, wakirudia na kurudia kwa asidi kali zaidi. Usifanye hivyo. Andika "haikuvulika", kwa maana hilo nalo ni jibu: nili iliyorundikwa juu ya tanini ingekuachia kitu.

Na ukitaka kujizoeza kwa leso mpya ulizonunua Biashara Street, ujue huenda zimetiwa zile rangi zilizoingia sokoni mwaka 1956, zinazofungamana na pamba kikemia. Hazivuliki. Nilijizoeza nazo wiki mbili, nikaamini mikono yangu ndiyo yenye kasoro.

Vilele vipo, lakini viwili viwili, na vinapishana kwa 162

Hii inahusu rangi za njano zaidi. Unaona luteolini, njano ya mimea, kwenye ayoni 285 (namba ya uzito inayotolewa na spektromita), halafu unaona ndugu yake kwenye 447. Tofauti ya 162 ni sukari moja. Maana yake ni kwamba asidi haikumaliza kuikata sukari kutoka kwenye rangi.

Mapishi yanayotumika sana katika fani hii yanasema asidi haidrokloriki ya asilimia 37, methanoli na maji, kwa uwiano wa 2:1:1, dakika 10 kwenye digrii 100. Waliyaandika watu wa nchi za tambarare. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na maji yetu huchemka kwenye digrii 94 au 95. Ukitumbukiza kichupa kwenye sufuria ya maji yanayotokota ukadhani umefika 100, hujafika, na utakaa dakika zako 10 ukipata matokeo ambayo mwenzako wa Mombasa hayapati. Ama tumia kinu kikavu cha kupashia vichupa, vifuniko vikiwa vimekazwa, na uhakikishe kwa kipimajoto ndani ya kichupa chenye mafuta. Ama ongeza muda, na uandike kwenye tasnifu kwamba umeuongeza.

Ila jiulize kwanza kama unataka sukari ikatwe. Asidi kali husafisha kromatogramu na kufuta alama za mmea kwa mpigo mmoja. Zile sukari ndizo hutofautisha mmea mmoja na mwingine. Mimi siku hizi naanza na asidi fomiki ndani ya methanoli, ambayo ni pole, na haidrokloriki naiacha kwa masalia.

Nyekundu: alizarini ipo, purpurini haionekani

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo sura nzima ya tasnifu yangu ilipofutwa.

Nilikuwa na kipande cha pamba nyekundu cha ile biashara ya Bahari ya Hindi. Mchuzi ulinipa alizarini safi, rangi nyekundu ya mizizi: mwanga unafyonzwa karibu na nanomita 430, ayoni 239, muda wa kutoka sawa na kielelezo (rangi safi inayojulikana). Purpurini, ndugu yake, sikuiona. Kila mwanafunzi anafundishwa kwamba mizizi ya mmea wa Rubia tinctorum ina zote mbili, na kwamba alizarini ya kiwandani, iliyoundwa na Graebe na Liebermann mwaka 1868, haina purpurini. Nikahitimisha: kitambaa ni cha baada ya 1870. Nikachora na ramani. Msimamizi wangu aliandika maneno mawili pembeni: "Na India?"

Pwani ya Coromandel kuna mmea uitwao Oldenlandia umbellata. Mizizi yake ina alizarini bila purpurini, na kwa karne nyingi ndiyo iliyotia wekundu pamba za kusini mwa India, pamba zile zile zilizoshuka kwenye bandari zetu kabla babu yake Graebe hajazaliwa. Kukosekana kwa purpurini, basi, hakuna tarehe ndani yake.

Tafuta walio pamoja na alizarini, usiishie kwake. Punguza mchuzi hadi mikrolita 30 hivi ili vilele vidogo vijitokeze, na uangalie upande wa chini wa kromatogramu ambao watu huukata ili picha ipendeze. Alizarini ya viwandani ya enzi zile mara nyingi huja na anthrapurpurini na flavopurpurini. Hizo zina masi sawa kabisa na purpurini, ayoni 255, kwa hiyo anayetazama masi peke yake atashangilia: "Purpurini hii hapa, ni mmea!" Ni kinyume chake. Zitofautishe kwa mwanga: purpurini hufyonza karibu na 480, na mstari wake una ngazi, wakati wale wawili hawafiki huko, hubaki upande wa alizarini. Mzizi wa India nao huja na vilele vidogo vya anthrakwinoni (jamii ya alizarini) zenye methili, ambavyo kiwanda hakina sababu ya kuwa navyo.

Kuna na mkanganyiko unaotengenezwa na wewe mwenyewe. Rubia cordifolia, ile ya Asia, ina munjistini (rangi nyingine ya jamii hiyo) kwa wingi na alizarini kidogo sana. Munjistini ikichemshwa hupoteza kabonidioksaidi na kuwa zanthopurpurini, ambayo masi yake ni ile ile ya alizarini, 239. Pseudopurpurini nayo kwa njia hiyo hiyo hugeuka purpurini. Ukipika sana, unaandika kuhusu jikoni yako. Dawa yake ni ile asidi fomiki, na vielelezo halisi vya kila moja. Muda wa kutoka ndio utakaoamua, masi haitaweza.

Ayoni 301 kwenye njano

Kwesetini, njano nyingine ya mimea, sivyo? Huenda. Lakini asidi elajiki pia hutua kwenye 301, na hata mistari yao ya mwanga inakaribiana, yote miwili ikipanda karibu na 370. Mashine yenye usahihi mkubwa itaona 301.035 kwa kwesetini na 300.999 kwa elajiki. Ya kawaida itaona namba moja. Kwenye kolamu ya C18 elajiki hutoka mapema, kwa hiyo kielelezo cha kila moja kitamaliza ubishi bila gharama kubwa.

Kosa hili si la namba tu. Elajiki hutokana na tanini, na wapiga chapa wa India waliloweka pamba kwenye maji ya tunda la Terminalia chebula kabla ya shabu ya kushikisha rangi na wekundu. Kwa hiyo ukiiona kwenye uzi mwekundu, fundi hakuchanganya njano: aliandaa kitambaa chake sawasawa. Mwenzangu mmoja nusura achapishe habari za "mchanganyiko wa siri".

Kama huna njia ila kupeleka sampuli nje ya nchi kwenye mashine kubwa, na kitu hicho ni cha kale, Sheria ya Makumbusho na Turathi ya Kitaifa ya 2006 inataka kibali kabla hakijavuka mpaka. Anza kuomba siku ile unapoanza kuota.

Uzi wa kahawia, mchuzi mwekundu

Inatisha mara ya kwanza. Unaweka uzi wa rangi ya udongo kwenye asidi ya moto na maji yanakuwa kama juisi ya rosela. Wadudu wa rangi nyekundu? Hapana. Kuna tanini ambazo asidi ya moto huzivunja na kuzaa rangi nyekundu ambazo hazikuwepo uzini, hasa sianidini. Gome la mkandaa, ambalo watu wa pwani walitia rangi mikeka na nyavu, ni la jamii hiyo. Rudia kwa kiyeyushi pole: wekundu ukikosekana, umeutengeneza wewe. Mdudu hatoweki hivyo, maana asidi kaminiki, rangi yake, ingetokea tena pale pale, karibu na nanomita 495.

Vilele ambavyo fundi hakuviweka

Mama mmoja wa Pumwani alinipa nyuzi za pindo la kisutu cha bibi yake. Alizikata mwenyewe kwa wembe, akazifunga kwenye karatasi ya kiberiti. Kisutu ndicho kile cha harusi, chekundu na cheusi juu ya cheupe. Nilitarajia vilele vitatu. Nikapata kumi na kitu.

Nilibadilisha kolamu. Nikabadilisha methanoli. Nikasafisha sindano hadi fundi wa maabara akaniambia niache. Sampuli tupu ilikuwa safi muda wote, maana yake uchafu ulikuwa wa uzi, lakini mimi sikutaka kusikia. Mwisho nikarudi Pumwani.

"Shikamoo mama. Samahani, leso hii ilifuliwa na nini?"

"Marahaba. Mwanangu, leso hii ilifuliwa na kila kitu."

Akahesabu kwa vidole. Sabuni ya mche, sabuni ya unga, bluu ya kufulia ili weupe ung'ae, siku ya harusi ilikaa chini ya mikono yenye hina, ikafukizwa udi, kisha ikalala sandukuni na vidonge vya nondo. Kila kidole kilikuwa kilele changu.

Sabuni za unga zina ving'arishi, vilivyoanza kuingia kwenye kufua miaka ya 1940. Washa tochi ya urujuanimno juu ya uzi kabla ya kuukata: ukiwaka buluu nyeupe, umefuliwa na sabuni ya kisasa, na kile kilele kikubwa kinachofyonza karibu na 350 si njano ya zamani. Bluu ya kufulia mara nyingi huwa ni ultramarini. Hiyo haina haja ya mashine: asidi ikiigusa, rangi inapotea na kichupa kinanuka yai bovu. Nilikuwa nimeisikia harufu hiyo siku ya kwanza na nikalaumu sinki. Hina hukuachia losoni, ayoni 173, na kuiona kwenye kisutu hakumaanishi mtu alitia leso rangi kwa hina. Vidonge vya nondo huacha naftalini, kelele ya urujuanimno upande wa mawimbi mafupi.

Tangu hapo, fomu yangu ya sampuli ina maswali ya kufua, kufukiza na kuhifadhi juu kabisa, kabla ya urefu na uzito wa uzi.

Vilele vimehama, au presha imepanda

Haya ni ya mashine kweli, na ni mepesi. Vilele vyote vikihama kwa pamoja, tazama joto la kolamu na umri wa asidi kwenye chupa ya kiyeyushi. Kikihama kimoja tu, shuku mchuzi wenye DMSO nyingi. Presha ikipanda taratibu, unyoya wa uzi umeziba kichujio. Usichuje mikrolita 40 kwa kichujio cha sindano, maana kitaimeza yote. Zungusha kwenye sentrifuji, uchukue ya juu. Ukilazimika kuchuja, tumia PTFE, usitumie nailoni, kwani nailoni hupenda rangi kuliko unavyozipenda wewe.

Stima ikipotea katikati ya foleni, usiendelee ilipoishia. Suuza kolamu polepole, iache itulie, pitisha kielelezo, na mchuzi wa kwanza baada ya hapo uhesabu kuwa wa majaribio. Nili nayo hushikilia njiani hata stima ikiwepo: weka sampuli tupu mbili baada ya kila uzi wa buluu, la sivyo kila kitambaa kitakachofuata kitakuwa na nili.

XRF inaona chuma kila mahali

XRF hutambua elementi kwa eksirei. Kabla ya kuandika kwamba fundi alitumia chuma kushika rangi, futa kidole chako kwenye dirisha la maabara. Vumbi jekundu la Nairobi ni chuma na alumini. Pima mbele ya kitambaa, nyuma, na sehemu isiyo na rangi. Chuma kikilingana kote, umepima barabara. Shabu usiitafute kwa kifaa cha mkononi hewani, kwani mnururisho wa alumini ni dhaifu na hewa huumeza kabla haujafika.

Umebaki na uzi mmoja

Basi usiukate vipande. Upitishe wote, kwa mpangilio: asidi fomiki na methanoli kwanza, kwenye digrii 60, ondoa mchuzi. DMSO ya moto ya pili, kama kuna buluu au zambarau, ondoa. Haidrokloriki ya mwisho. Kila mchuzi kichupa chake, kila kichupa sampuli tupu yake, na kati ya hatua suuza uzi kwa methanoli, ukautazame chini ya hadubini na kuupiga picha. Ukiona rangi imeisha hatua ya kwanza, simama hapo.

Kinachobaki usikitupe. Uzi wangu wa mwisho wa kisutu cha Pumwani uko kati ya vioo viwili, kwenye bahasha yenye tarehe. Ule upande uliokuwa mwekundu umepauka wote. Ile milimita moja nyeusi iko vile vile ilivyotoka kwenye karatasi ya kiberiti.